Mstari wa 10 mnauruka

Hosteli hakukaliki wiki hii. Ubishi ni uleule kila usiku: tunaokolewa kwa imani tu, au na matendo yamo? Wakati huohuo kuna dogo wa mwaka wa kwanza, mkopo wake haujatoka, anakula mlo mmoja kwa siku. Kikundi kimoja cha maombi kimemwombea mara mbili. Sahani ya ugali maharage hakuna. Nilipouliza nikajibiwa eti matendo hayaokoi.

Jamani! Hilo jibu limenichosha kabisa.

Mimi ni wa Nkwenda, Kyerwa (wilaya yetu ilizaliwa 2012, msituite Karagwe tena). Kwetu Wakatoliki na Walutheri wanaoana na kuzikana, ndiyo maana ubishi huu naona kama wa kuokota. Wenyewe walishakaa mezani. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja: wokovu ni kwa neema, mtu haununui kwa stahili zake, na matendo mema hufuata kama matunda. Sasa nyie mnagombania nini?

Msimsingizie Luther pia. Alipinga biashara ya rehema, hakutetea uchoyo. Mwaka 1520 aliandika kitabu kizima kuhusu matendo mema. Na Hospitali ya Nyakahanga pale Karagwe ni ya nani? Ya Walutheri haohao wa "imani tu". Wangeishia kwenye kwaya, mama zetu wangejifungulia wapi?

Mnapenda Waefeso sura ya 2. Mstari wa 8 na wa 9 mmeukariri hadi usingizini. Wa 10 je? Paulo anasema tuliumbwa tuyatende matendo mema, tena Mungu aliyatayarisha mapema. Huo mnauruka kama dimbwi la Omurushaka masika.

Na ninyi mnaotaka mchango wenu usomwe kwenye kipaza sauti, msicheke. Kumlisha mtu ili ujihesabie pointi za mbinguni ni biashara ileile aliyoipinga Luther. Ila heri nyie kidogo, maana dogo angalau angeshiba.

Bumu letu limeingia juzi. Chumbani kwetu tumeanza kuchanga, tunapika pamoja na dogo. Anayetaka kuongeza unga apite kabla ya saa moja jioni. Sufuria nayo ni ndogo, mwenye kubwa aje nayo.