Wema kwa Mgeni wa Njiani

Je, umewahi kusafiri kwa ajili ya kutazama nchi tu? Huendi hospitali. Huendi msibani. Watu wengi husema safari ya namna hiyo ni kupoteza fedha. Mimi sikubaliani nao. Nitakueleza kwa nini.

Mwaka mmoja mimi na wenzangu watatu tulichanga fedha, tukakodi gari Korogwe. Tulitaka kwenda Lushoto na kurudi siku hiyo hiyo. Tuliondoka asubuhi, tukapita mashamba ya mkonge mpaka Mombo. Hapo tuliiacha barabara kuu ya Moshi, tukaanza kupanda milima ya Usambara.

Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kama kilometa 33 tu, lakini kona ni nyingi. Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni korongo. Dereva hupiga honi kila penye kona. Joto hubaki chini, maana mji wa Lushoto uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Tulipofika Soni tulisimama tukatazama maporomoko ya maji. Tulifurahi sana.

Tulipoondoka Soni tulimwona bibi mmoja kando ya barabara. Alikuwa na mzigo kichwani. Alitupungia mkono. Nafasi ilikuwapo garini. Mwenzetu mmoja akasema, "Twende, tutachelewa." Tungechelewa wapi? Tulikuwa tukienda Irente, kusimama juu ya jabali na kuitazama nyika iliyo chini. Nyika haikimbii. Lakini mimi nilinyamaza. Tukampita.

Hatukufika mbali. Rejeta ilichemka, nasi hatukuwa na maji. Kijana mmoja alikuwa akilima karibu na barabara. Aliacha jembe, akatuambia, "Msifungue sasa, mtaungua. Ngojeni ipoe." Kisha akateremka bondeni, akarudi na ndoo ya maji. Tulimpa fedha akazikataa. "Maji siuzi," alisema. "Safari njema."

Tulipokuwa tukingoja, yule bibi akafika kwa miguu.

"Shikamoo, bibi," tulisema.

"Marahaba, wanangu. Poleni na safari."

Hakutulaumu. Hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Gari lilipopona tulimpandisha, tukamfikisha mpaka njia ya kwao. Hatukuchelewa Irente.

Ndugu msomaji, sisi wanne nyumbani kwetu ni watu wema. Jirani akiugua, tunakwenda kumwona. Lakini yule bibi hatukumjua, basi tukamwona si kitu. Kijana yule naye hakutujua, lakini alituona watu. Siku ile nilijifunza kwamba wema hupimwa kwa mgeni. Kumtendea wema jirani ni rahisi, maana kesho atakulipa. Mgeni huenda usimwone tena.

Wapo watakaosema, "Siku hizi wezi ni wengi. Huwezi kumpakia kila mtu." Ni kweli. Tahadhari ni akili, hasa usiku. Lakini uko wema mdogo usio na hatari, na mara nyingi hauna gharama. Ukiwa na gari, punguza mwendo penye dimbwi, usimrushie tope anayetembea. Mgeni akikuuliza njia, mwonyeshe njia ya kweli. Kama huijui, sema huijui. Akiomba maji ya kunywa, mpe. Akitaka kununua matunda yako, mwuzie kwa bei unayomwuzia jirani. Usiseme, "Huyu ana gari, basi ana fedha." Huenda fedha hizo amechanga na wenzake, kama sisi.

Kwa hiyo nasema safari ile haikupoteza fedha. Tuliona milima na maji. Tena tulionja ugeni. Mtu asiyetoka kwao husahau kwamba yeye pia anaweza kuwa mgeni, amekwama njiani, akingojea ndoo moja ya maji.

Tenda wema, nenda zako.

Jadilianeni darasani:
1. Je, mgeni akipita kijijini kwetu leo, atakwenda kusema nini juu yetu?
2. Ungekuwa wewe ndani ya gari lile, ungemwambia nini dereva?