Deni la Aliyeachishwa Kazi na Mshahara wa Mdhamini Wake



Barua ya kuachishwa kazi ikimfikia mtu, neno lake la kwanza ni, "Nitalipwa kiasi gani?" Ni swali la haki, na sheria imelijibu. Lakini liko swali la pili ambalo wengi hawapendi kuliuliza mbele ya watu: ule mkopo wa chama cha akiba na mikopo sasa utalipwa na nani? Juu ya swali hili sisi wa karakana tumebishana miezi mingi, hata wengine hawasalimiani, na leo twataka kutoa maoni yetu wazi.

Kwanza haki, ili mtu asipunjwe. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema ya kuwa mwajiri akitaka kupunguza watu kwa sababu kazi imepungua, hana budi kuwapa chama cha wafanyakazi na afisa wa kazi habari, si chini ya mwezi mmoja kabla. Tena atamlipa mtu mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka wa kazi uliotimia, na siku za likizo alizobakiza, na notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake. Mtu asisahau kudai cheti cha utumishi, maana bila karatasi hiyo atahangaika kwa mwajiri mwingine.

Sasa tupige hesabu. Tumchukue mtu wa mshahara wa shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 1,000 kwa siku, aliyetimiza miaka 9. Siku 15 mara 9 ni siku 135, basi ni shilingi 135,000. Ongeza 30,000 za notisi na 10,000 za likizo ya siku kumi. Jumla ni 175,000 kabla ya makato. Mtu huyu hajapata kushika fedha kama hizo kwa mkono mmoja tangu azaliwe. Ndipo anapojiona tajiri, na ndugu zake nao wanamwona tajiri.

Kumbe huko kwenye chama cha akiba ana mkopo uliobaki wa 210,000, na akiba yake ni 120,000. Asipolipa, chama kitachukua akiba ile kufidia mkopo, na 90,000 zitabaki. Hizo zitakatwa wadhamini. Kama ni watatu, kila mmoja atabeba 30,000, mshahara mzima wa mwezi, kwa unga ambao hakuula na bati ambalo hakuliezeka. Na mtu asidanganyike na neno la bima. Bima ya mkopo kwa kawaida humlipia aliyekufa au aliyelemaa kabisa. Aliyepoteza kazi hayumo.

Wako wenzetu wasemao, "Mdhamini ana mshahara, mimi sina. Acha akatwe, nitamrudishia nikipata kazi." Twawaelewa. Mtu mwenye watoto wanne na kodi ya nyumba hawezi kuhesabu kama karani wa benki. Lakini sisi hatukubali. Mdhamini alitia sahihi kwa sababu alikujua, wala hakulipwa hata senti tano kwa sahihi ile. Ukizima simu na kupanda basi la usiku kwenda kwenu, hujakimbia chama, umemkimbia yeye. Tena safari ijayo kijana mpya atakapotafuta wadhamini katika karakana, watu wote watatazama chini. Hili tumekwisha kuliona. Siku hizi mtu aomba sahihi kama aombaye figo.

Twasema hivi: mwambie mdhamini wako katika juma lile lile ulilopata barua, kabla ya fedha kuingia. Nenda naye mpaka ofisi ya chama cha akiba, mkaombe mkopo upangwe upya. Mtu wa mfano wetu akikubali akiba yake ifidie mkopo mara moja, deni litakuwa 90,000, na faida itahesabiwa juu ya hizo tu. Vyama vingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, basi mwezi wa kwanza atatozwa 900 badala ya 2,100. Akiomba kulipa 4,000 kwa mwezi, kamati yaweza kumsikiliza, maana kamati nayo yajua taabu ya kumkata mdhamini. Twajua inauma kuona akiba ya miaka tisa ikiyeyuka kwa kalamu moja. Wengine wataka iachwe, ati ndiyo ya uzee. Lakini akiba iliyofungwa na mkopo usiolipwa si ya uzee, ni rehani.

Zile 175,000 zenyewe zisionekane kama mtaji. Ni mishahara ya miezi ijayo iliyokuja pamoja. Kama nyumba yaweza kwenda kwa 16,000, na deni 4,000, hiyo ni 20,000 kwa mwezi, na fedha zitafika miezi minane na zaidi kidogo. Ukinunua pikipiki ya boda mwezi wa kwanza, hesabu hii yote imekwisha.

Mwaka 2006, reli ilipokabidhiwa kampuni binafsi kwa mkataba, maelfu walipunguzwa. Wengi wetu tulikuwa watoto wa shule katika nyumba za reli, na tuliona kwa macho. Tulimwona fundi hodari akinunua matatu kuukuu. Miezi mitatu nyama ilinukia mlangoni pake, wa nne gari lilikuwa juu ya mawe. Tuliona pia wazee waliokuwa wakinywa chai pamoja miaka mingi wakipitana njiani kama wageni, na mama zetu walitunong'oneza sababu: huyu alimdhamini yule. Mkataba ule ulivunjwa mwaka 2017. Ugomvi wa wazee wengine haujaisha.

Mama watoto naye aambiwe siku ile ile, na aambiwe hesabu yote. Yeye ndiye ajuaye deni la dukani, na lipi laweza kupunguzwa bila watoto kulala njaa. Mume atokaye asubuhi na sare kana kwamba aenda kazini, na kumbe ashinda bustanini, anapoteza juma baada ya juma.

Bima ya afya isisahauliwe. Tangu Oktoba 2024 mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Mshahara ukikoma, makato hukoma, na mtu hana budi kujilipia, kiasi kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na huhesabiwa kwa mwaka, yaani 3,600. Zitengwe kwanza.

Juu ya mikopo ya simu hatuna maneno mengi. Ile Fuliza iliyoanza mwaka 2019 hujilipa yenyewe kwa fedha yoyote iingiayo. Dada yako akikutumia 500 za unga, simu itaumeza unga kabla hujafika dukani. Mtu asiye na mshahara na aizime kabisa.

Lakini si haki kumwachia mzigo wote aliyefukuzwa. Ule mwezi wa notisi ambao sheria humpa afisa wa chama hupita bure, barua ikikaa katika faili. Twataka katibu wa tawi, akipata habari za kupunguzwa kwa watu, aite kila aliyetajwa pamoja na wadhamini wake na mtu wa kamati ya mikopo, wakae meza moja kabla ya siku ya mwisho ya kazi. Twataka pia viongozi wetu, wanapojadiliana na mwajiri, wadai zaidi ya siku 15, kwa kuwa sheria yasema zisipungue hapo, wala haikusema zisizidi.

Twaomba jambo hili liingizwe katika ajenda ya mkutano mkuu ujao wa tawi, na wale wasiokubaliana nasi waje waseme mbele ya wote.