Faili la Mtoto Njiti Lisifungiwe Kabatini

Husemwa mara nyingi kwamba yaliyoandikwa kwenye faili la mgonjwa ni ya mgonjwa na daktari wake, basi. Faili la mtoto njiti likipelekwa kwenye utafiti, watu hulalamika: mtoto kageuzwa kitu cha kujaribiwa, naye hata kusema hawezi. Uchungu wao naujua na ni wa haki, ila hatari wanaitafuta mahali sipo.

Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, hospitali za Marekani, Uingereza na Australia ziliwapa njiti oksijeni nyingi kwa nia njema kabisa. Duniani kote watoto wapatao 10,000 wakapofuka. Hakuna aliyewafanyia utafiti. Walikuwa wakihudumiwa tu. Mwaka 1951 daktari Kate Campbell wa Melbourne alilinganisha waliopewa oksijeni kwa wingi na waliopewa kwa kiasi, tofauti ikaonekana, na jaribio la Marekani lililoanza 1953 likaithibitisha. Kisha hospitali zikaibana oksijeni kupita kiasi, wengine wakafa kwa kuikosa. Kumhudumia mtoto bila kulinganisha nako ni kumjaribu, ila ni jaribio ambalo hakuna anayeandika matokeo yake.

Uingereza ilichukua njia nyingine. Tangu 2007, chini ya Profesa Neena Modi, yale ambayo wauguzi huandika kila siku (uzito, maziwa, dawa, mashine ya kupumulia) hukusanywa kutoka wodi za watoto wachanga, majina yakiwa yameondolewa. Leo kuna kumbukumbu za watoto zaidi ya milioni moja, na mzazi asiyetaka husema, mtoto wake akatolewa.

Kwa nini wasisubiri sahihi ya kila mzazi? Mama huenda bado yuko chumba cha upasuaji, mtoto amehamishiwa hospitali nyingine, na wengine hufariki saa chache baada ya kuzaliwa. Ukihesabu waliosainiwa peke yao, walio hoi zaidi hutoweka kwenye hesabu, na tiba mbovu huonekana nzuri. Wanaoumizwa na upungufu huo ni njiti watakaolazwa kesho.

Kwetu haja ni kubwa zaidi, maana jibu la Uingereza halitoshi kwa wodi ambamo muuguzi mmoja ana vitanda vingi vya kuangalia. Ndiyo maana nauthamini mtandao wa hospitali za Kenya ulioanza 2013 kwa ushirikiano wa KEMRI-Wellcome na Wizara ya Afya, unaokusanya kumbukumbu za wodi za watoto na kuzirudisha kwa hospitali zenyewe zijipime.

Hofu ya wazazi haikuzuka hewani. Mwaka 2017 msimamizi wa taarifa binafsi wa Uingereza aliamua kwamba hospitali ya Royal Free ilivunja sheria ilipoipa kampuni ya DeepMind taarifa za wagonjwa milioni 1.6, tena zinazowatambulisha. Kosa lilikuwa kuwapa wengine majina ya watu bila kuwaambia wenyewe. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa tangu 2019, Tanzania tangu 2022, zitumike. Mzazi aelezwe kwa Kiswahili anapomlaza mtoto, ajue nani atafungua kumbukumbu za mtoto wake na namna ya kukataa, na katika kamati inayoamua nani azitumie awepo mzazi aliyewahi kulea njiti wodini.