Jicho la Mtoto na Mwendo wa Eropleni

Upo mtindo wa kufundisha ambao, kwa maoni yetu, hauna budi kukomeshwa kabla haujaota mizizi miongoni mwa walimu wapya. Mtindo wenyewe ni ule wa kumwambia mtoto ya kuwa macho yake yanamdanganya. Mwalimu huuliza, "Eropleni ile inakwendaje?" Mtoto hujibu, "Inapanda polepole, halafu inakimbia, halafu inashuka nyuma ya mlima." Mwalimu hukata shauri: "Si kweli. Inakwenda sawasawa." Kisha huandika sentensi moja ubaoni, na somo limekwisha. Hapo mtoto amejifunza nini? Amejifunza kwamba alichokiona mwenyewe hakina thamani, na kwamba ukweli hukaa kinywani mwa mwalimu tu.

Ndugu wanachuo, mtoto yule hakukosea. Hebu tuyapime maneno yake.

Eropleni kubwa ya abiria ikiwa safarini huruka katika kimo cha mita 10,000 hivi, kwa mwendo wa karibu kilomita 900 kwa saa, yaani mita 250 kwa kila sekunde. Rubani haongezi mwendo ati kwa kuwa anapita juu ya kijiji chetu. Lakini jicho halina rula ya kupimia kilomita. Jicho hupima pembe. Eropleni ikiwa ingali mbali, tuseme kilomita 40 kutoka mahali inapotupitia utosini, huonekana kama nyuzi 14 tu juu ya upeo wa macho. Katika sekunde 10 zinazofuata husafiri kilomita mbili na nusu, na hata hivyo pembe ile haiongezeki kwa nyuzi 1 kamili. Ndiyo maana huonekana kana kwamba imetundikwa angani. Ikifika utosini, sekunde 10 zile zile na kilomita zile zile huibadili pembe kwa nyuzi 14. Basi mtoto aliyesema "inakimbia" alisema kweli kwa habari ya pembe, na mwalimu aliyesema "inakwenda sawasawa" alisema kweli kwa habari ya kilomita. Kazi ya mwalimu ni kuzikutanisha kweli hizo mbili, wala si kuiua moja kwa ajili ya nyingine.

Ndivyo ilivyo pia kwa kupanda na kushuka. Eropleni haikuinuka wala haikuinama. Pembe ndiyo iliyokua kisha ikapungua. Mtoto asiyeelezwa jambo hili aweza kurudi nyumbani na habari ya kwamba eropleni imeanguka ng'ambo ya kilima.

Mfano wa mwewe nao wafaa sana. Mwewe arukaye mita 50 juu ya uwanja wa shule, kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, huikata anga juu ya vichwa vyetu mara nane upesi kuliko eropleni ile, ingawa mwendo wake halisi ni mdogo mara 25. Aliye karibu huonekana mwepesi. Aliye mbali huonekana mzito. Na sauti je? Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na katika baridi ya huko juu husafiri pungufu ya hapo. Hivyo mngurumo uliotoka utosini hutufikia baada ya nusu dakika au zaidi, hali eropleni yenyewe imekwisha kutangulia zaidi ya kilomita saba. Mtoto anayetafuta kule inakotoka sauti, akaikosa eropleni, si mzembe.

Jean Piaget wa Uswisi (1896–1980), katika kazi aliyoitoa pamoja na Bärbel Inhelder mwaka 1948, alieleza jinsi watoto walivyowekewa mfano wa milima mitatu, wakatakiwa waonyeshe kile anachokiona mwanasesere aliyeketi upande mwingine. Wale wadogo walichagua mara nyingi picha ya yale waliyoyaona wao wenyewe. Wakubwa, wa miaka 9 au 10 hivi, waliweza. Kwa hiyo mwanafunzi wa Darasa la Tano amefikia umri wa kujiuliza: mimi naiona hivi kutoka hapa, je, rubani anatuonaje, na mtu wa kijiji cha pili anaionaje?

Sasa tufundisheje? Kwanza watoto watoke nje, watazame, waseme walichokiona, na maneno yao yaandikwe bila kusahihishwa. Wachague mahali ambapo jua liko mgongoni mwao, wala wasilitazame kamwe. Wapime pembe kwa ngumi: mkono ukinyoshwa, ngumi moja huziba kiasi cha nyuzi 10. Pili, darasani, mwalimu achore ubaoni kwa skeli ya sentimita 2 kwa kilomita 1. Aweke jicho la mtazamaji chini, na juu yake, kwa kimo cha sentimita 20, apige mstari ulio sambamba na ardhi, wenye alama kila baada ya sentimita 5. Kila nafasi ni sekunde 10. Watoto waunganishe jicho na kila alama. Wataona wenyewe kwamba mistari ya utosini imetawanyika na ile ya mbali imesongamana. Waipime kwa kipimapembe. Hapo ndipo yale maneno yao ya mwanzo yasomwe tena, wayaeleze.

Wako watakaosema kwamba muda hautoshi. Twawajibu kwamba somo hili hutumia chaki, rula na vipindi viwili, na ndani yake mna Sayansi na Hisabati pamoja. Wengine watasema shule yao haipitiwi na eropleni. Mwewe wapo, na wingu lipitalo mbele ya mwezi lipo. Hata atembeaye barabarani huona miti ya karibu ikirudi nyuma upesi na milima ya mbali ikichelewa.

Mtakapokuwa katika mazoezi ya kufundisha, msiiandike ile sentensi ya kuwa macho hudanganya. Mtoto akitoa jibu msilolitazamia, mwulizeni kwanza alikuwa amesimama wapi na aliona nini. Mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo atakuwa tayari, siku ya kuelezwa kuwa dunia ndiyo izungukayo na wala si jua, kudai sababu badala ya kukariri. Ni matumaini yetu ya kwamba jambo hili litapewa nafasi katika maandalio yenu ya masomo.