Kirilo hakwenda New York kuomba mila za Wazungu
Safu ya Asha Mbwambo

Serikali za kwetu zikibanwa kwa kuwafunga wakosoaji au kuwahamisha watu kwa nguvu, jibu huwa tayari mdomoni: haki za binadamu ni mambo ya Wazungu. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948, kwa kura 48 bila ya kupinga, Afrika nzima ilikuwa na viti vinne: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini ya makaburu, ambayo ilijizuia kupiga kura. Uingereza, Ufaransa na Ubelgiji ziliunga mkono huku zikitutawala. Lakini unafiki wao hauwafanyi kuwa wenye maneno yale. Hansa Mehta wa India ndiye aliyeshikilia kwamba ibara ya kwanza iseme “binadamu wote”, isiseme “wanaume wote”.

Nao Wameru wa Engare Nanyuki hawakungoja kuelezwa kama wamo katika hao “wote”. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wapatao 3,000 ili ardhi yao wapewe walowezi wafuge ng’ombe. Nyumba zilichomwa moto. Wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya umoja huo. Azimio la kuwatetea halikufikisha theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu, wala kura ile haikuwarudishia ardhi. Ila tazama nani alimshitaki nani: Mmeru alimbana Mwingereza kwa ahadi aliyoitoa Mwingereza mwenyewe. Huwezi kuiita hiyo mila ya kuletewa.

Wapo watakaosema Mwafrika hutanguliza wajibu. Sawa, na wajibu huo umeandikwa katika ibara za 27 hadi 29 za Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa na viongozi wetu wenyewe Nairobi mwaka 1981. Mkataba huohuo, ibara ya 5, unakataza mateso, wala haukumwachia mtawala kisingizio cha mila. Tanzania iliuridhia mwaka 1984, Kenya mwaka 1992. Raia anayeutaja leo anaidai serikali yake ahadi iliyoitoa kwa hiari, na anastahili kujibiwa.