Wimbo gani ulikuwa namba moja miaka ya 80? Ubishi uliomfungua babu

Tangu asubuhi babu alikuwa amemuuliza mjukuu wake jina mara tatu. Ana miaka 67, anaishi Dongobesh wilayani Mbulu, na wiki ile ya Krismasi nyumba ilijaa watoto na wajukuu. Jioni, mjukuu huyo huyo, mwanafunzi wa kidato cha pili, aliweka simu mezani na kucheza wimbo wa zamani aliotumiwa na rafiki yake. Kwenye simu uliandikwa kuwa ni wa Juwata Jazz, naye akatangaza hivyo.

Babu aligeuza kichwa. "Hiyo siyo Juwata. Hiyo ni Mlimani Park. Wimbo unaitwa Neema, na anayeimba ni Cosmas Thobias Chidumule."

Watu wakatazamana. Halafu ubishi ukaanza, na haukuisha hadi chakula kikapoa: wimbo gani hasa ulikuwa namba moja miaka ya 80?

Mzazi uliyezaliwa miaka hiyo au kabla yake unaujua ubishi huu. Hauishi kwa sababu hakuna karatasi ya kuumaliza. Uingereza walihesabu santuri zilizouzwa madukani kila wiki, aliyeuza zaidi akawa wa kwanza. Ukitaka kujua nani aliongoza kule Krismasi ya 1984, jibu lipo: ni Band Aid, wasanii waliokusanyika kuchangia waathirika wa njaa Ethiopia. Huku kwetu hakukuwa na kiwanda cha santuri. Bendi ziliingia studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, zikarekodi, na kanda zikabaki pale pale redioni. Televisheni Tanzania Bara ilikuja 1994. Aliyeupenda wimbo alisubiri mtangazaji aupige, basi.

Kwa watu wa Mbulu na Hanang, ambao enzi hizo walikuwa mkoa wa Arusha kwa kuwa Manyara ilianzishwa 2002, kusubiri huko ndiko kulikuwa muziki wenyewe. Wengi hawakuwahi kuiona Mlimani Park wala Juwata jukwaani. Babu huyu alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, yale ya NAFCO yaliyoendeshwa kwa msaada wa Canada. (Mashamba yale yana historia chungu kwa Wabarabaig waliopoteza malisho, lakini hiyo inataka ukurasa wake.) Kambini walikuwapo vijana kutoka Singida, Mbeya na Kilimanjaro, na redio moja. Betri zilikuwa adimu kama sabuni na sukari. Zikichoka zilianikwa juani, na jioni zilitunzwa kwa ajili ya Club Raha Leo Show. Anayepoteza betri kwa taarifa ya hali ya hewa aligombezwa.

Turudi mezani. Babu ni mtu wa Mlimani Park, yaani Sikinde, bendi iliyoanzishwa 1978 na baadaye kuchukuliwa na shirika la DDC. Shemeji yake ni wa Juwata, ambayo leo ni Msondo Ngoma, na hoja yake ilikuwa moja tu: hakuna sauti iliyompita TX Moshi William. Babu akamjibu kwa kumtajia Hassan Rehani Bitchuka na Muhidin Gurumo, kisha shemeji akamkumbusha kuwa Gurumo ametumikia pande zote mbili, kwa hiyo haruhusiwi kuhesabiwa na upande mmoja. Hapo babu alicheka hadi akakohoa.

Baba wa yule kijana akaleta Sina Makosa ya Les Wanyika. Ikakataliwa mara moja. Kwanza ilitoka mwishoni mwa miaka ya 70. Pili ilirekodiwa Nairobi, ingawa akina Omar Shabani na John Ngereza walikuwa Watanzania. Kijana akapendekeza Billie Jean ya Michael Jackson, iliyoongoza Marekani 1983. Babu akauliza kama Basotu kuna mtu aliyekuwa akiomba Billie Jean kwenye salamu.

Bibi alikuwa kimya muda wote, anachambua mchicha. Mwishowe akasema wa kwake ni Wifi Zangu wa Kida Waziri na Vijana Jazz. Wanaume wakaguna kwamba Vijana Jazz ni Hemed Maneti na Mary Maria. Bibi hakubishana. Alisema tu kuwa alipoolewa katika boma lile, wimbo huo ulipoanza kupigwa, kuna waliokuwa wanazima redio. Watoto wake watu wazima, walioishi naye miaka 40, walikuwa wanasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Shangazi, muuguzi mstaafu, alitaja wimbo ambao hakuna aliyeutegemea: Attention na Sida wa Franco, wa 1987. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera 1983, na Franco mwenyewe alifariki 1989. Shangazi alisema kwamba wodini, miaka hiyo, wimbo ulitaja ugonjwa ambao ndugu wa mgonjwa hawakuthubutu kuutaja. Babu akatikisa kichwa na kutaja jina la mdogo wake. Hakuna aliyekuwa amelisikia likitoka kinywani mwake kwa miaka mingi.

Aliyekuwa anaangalia mambo mengine kabisa ni mkwe, mama wa yule kijana. Aliona mawili. Baba mkwe anakumbuka nani aliimba nini mwaka 1984, lakini hakumbuki kama amekunywa chai. Na kila wimbo ulipopigwa, aligeuzia simu sikio la kulia na kuomba sauti iongezwe, wakati wengine ilikuwa tayari inawaumiza.

La kwanza lina maelezo. Tafiti za kumbukumbu zimeonyesha kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya umri wa kati ya miaka 10 na 30, na muziki wa umri huo hukaa ndani sana. Hata wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu, ambayo wengi huyafahamu kwa jina la Alzheimer, mara nyingi hubaki na nyimbo baada ya mengine kuondoka. Ndiyo maana "mbona anakumbuka ya zamani vizuri" siyo ushahidi kwamba mzee ni mzima. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kuwa maradhi hayo siyo sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Kusahau jina kisha kulikumbuka baadaye humpata kila mtu. Kuuliza swali lile lile mara nyingi kwa siku, kupotea njia anayoijua au kushindwa kazi aliyoizoea ni mambo ya kupeleka hospitali.

La pili huwa linapuuzwa zaidi. Jopo la wataalamu la jarida la kitabibu la Lancet, katika ripoti ya 2024, lilitaja vihatarishi 14 vya maradhi hayo vinavyoweza kupunguzwa. Kupungua kwa usikivu kumo, pamoja na shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara na upweke. Na mzee asiyesikia vizuri huonekana amesahau kitu ambacho kwa kweli hakikumfikia. Wakati mwingine ni nta tu imeziba sikio. Hiyo huondolewa na mhudumu wa afya, siyo kwa njiti ya kiberiti wala pamba.

Familia ile ilimpeleka babu hospitali baada ya sikukuu. Sikio la kushoto lilikuwa limeziba na likasafishwa. Shinikizo lilikuwa juu, ameanza dawa. Kuhusu kumbukumbu, ameandikiwa kurudi kwa vipimo zaidi, na daktari hakuahidi kitu. Nyimbo hazitibu. Ila tangu siku ile kijana humpigia babu wimbo mmoja kila jioni, sauti ikiwa ya wastani, kwa sababu masikio ya kijana nayo yana kikomo: kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, sauti ya desibeli 80 haipaswi kuzidi saa 40 kwa wiki, na ikipanda, muda unapungua haraka. Mama yake amemtoa spika za masikioni wakati wa kulala. Hilo nalo limezua ubishi wake.

Orodha wanaiandika kwenye daftari la shule. Neema ni ya kwanza, Wifi Zangu ilipanda hadi ya pili baada ya bibi kutishia kutopika, na nafasi ya tatu imefutwa mara nne. Juzi babu alimtazama kijana kwa muda, jina halikuja.

"Wewe," akamwambia, "siyo wewe uliyesema ni Juwata?"