Sungura Alikosa Nini?

Desemba 2022 nilipanda gogo. Ndiyo, gogo. Ni chombo kilichoundwa kifanane na gogo lililochimbwa katikati, kinasukumwa na maji kwenye mfereji, kinaingia ndani ya mlima wa bandia, kinapita katikati ya masanamu ya wanyama wanaoimba, kisha ghafla kinakuachia kutoka juu, takribani mita 15, mpaka bwawani. Mchezo wenyewe uliitwa Splash Mountain, katika bustani ya Disney inayoitwa Magic Kingdom, huko Florida. Mdogo wangu wa kike anaishi jimbo hilo na mumewe na binti yao, na tiketi aliikata yeye kwa hoja moja tu: "Kaka, unafungwa mwezi ujao. Ukiukosa, umeukosa."

Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya mwendokasi Kimara saa kumi na mbili asubuhi. Watu wazima wamevaa fulana zenye picha ya sungura. Nyuma yetu baba mmoja wa makamo alikuwa akilia, machozi kabisa, mkewe anamsugua mgongo. Nikamuuliza dada, jamani, huyu kafiwa? Akanijibu kwa Kiswahili ili mwenyewe asisikie: "Kafiwa na sungura."

Nilicheka wakati ule. Sasa sicheki, maana nimeusoma ugomvi wote wa mashabiki, wa waliotaka mchezo ubaki na wa waliotaka ubadilishwe, na nimegundua kuwa kumbe mfiwa ni mimi. Wao walikuwa wakipigania matanga ambayo hayakuwa yao.

Kwa msiofuatilia mambo haya (na heri yenu), kisa chenyewe kiko hivi. Juni 2020, majuma machache baada ya George Floyd kuuawa, Marekani nzima ikiwa barabarani, kampuni ilitangaza kwamba Splash Mountain utavuliwa hadithi yake na kuvikwa nyingine. Mlima ungebaki, mfereji ungebaki, hata lile poromoko la mwisho. Kingeondoka kisa cha sungura, na mahali pake angekuja Tiana, binti mpishi wa New Orleans kutoka filamu ya katuni ya 2009, binti mfalme wa kwanza mweusi katika katuni za Disney. Florida wakafunga Januari 2023, California mwishoni mwa Mei mwaka huohuo. Tiana akafungua Florida Juni 2024 na California Novemba 2024. Tokyo hawakugusa kitu. Sungura bado yupo kule.

Hapo katikati palikuwa na vita. Watu walisaini maombi ya kuuondoa, wengine wakasaini maombi ya kuubakiza. Siku za mwisho kuna waliochota maji ya mfereji wakayatia kwenye chupa na kuyauza mtandaoni. Maji ya klorini! Upande mmoja unalia kwamba utoto wao umeuawa, historia inafutwa. Upande wa pili unasema mchezo ulisimama juu ya filamu ya kibaguzi, basi uende nayo.

Nianze na hawa wa utoto, kwa sababu hoja yao ni nyepesi. Historia gani mnayoililia? Mchezo ulifunguliwa California mwaka 1989. Masanamu mengi yaliyokuwa ndani yake hayakutengenezwa kwa ajili ya sungura hata kidogo. Yalitolewa kwenye onyesho lingine la bustani hiyohiyo, America Sings, lililofungwa mwaka mmoja kabla. Yaani huo mchezo mtakatifu wenyewe ulikuwa kazi ya kugeuza nguo kuukuu. Waliofanya vile 1989 mnawaita mafundi, waliofanya vilevile 2023 mnawaita wauaji. Semeni tu kwamba mnalia kwa sababu mmezeeka. Hilo nitalielewa, na mimi nimezeeka.

Hawa wa pili hoja yao ni nzito, na sitaidharau. Filamu hiyo ni Song of the South, ya 1946. Ndani yake mzee mweusi, Uncle Remus, yuko kwenye shamba kubwa la Wazungu katika jimbo la Georgia, anamsimulia mtoto wa Kizungu hadithi za Br'er Rabbit, yaani Ndugu Sungura, na kila mtu pale shambani ana furaha kama yuko harusini. NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kililalamika filamu ilipotoka tu. Na James Baskett aliyemwigiza huyo mzee hakuhudhuria onyesho la kwanza mjini Atlanta, kwa sababu Atlanta ya wakati ule ilikuwa mji wa kutenganisha watu kwa rangi. Baadaye, 1948, akapewa Oscar ya heshima. Kampuni yenyewe iliionea haya filamu hii: mara ya mwisho kuirudisha kwenye majumba ya sinema Marekani ilikuwa 1986, na haikuwahi kuiuza huko kwa kanda wala diski.

Sasa angalieni ujanja. Filamu imefichwa kabatini 1986. 1989 unafunguliwa mchezo uliojengwa juu ya katuni zilezile na wimbo uleule, ila mzee Remus hayumo. Ilijulikana vizuri kabisa wapi panapouma. Wakamtoa msimuliaji, wakabaki na hadithi, wakauza tiketi kwa zaidi ya miaka 30. Na mambo yalipochacha, ikaadhibiwa hadithi.

Swali langu ndilo hilo: Sungura alikosa nini?

Maana kambi zote mbili, pamoja na matusi waliyotupiana, zilikubaliana jambo moja bila kulijadili: kwamba sungura yule ni mali ya Disney, au kwa mbali sana, mali ya mashamba ya Georgia. Wapenzi wake walimwona kama mwanasesere wao. Wapinzani wake walimwona kama doa la utumwa. Mimi niliyelala chini kwenye mkeka wa bibi yangu Korogwe namjua Sungura kwa jina na kwa tabia, na nasema wote mmekosea mtu.

Hadithi za Remus ziliandikwa na mwandishi wa gazeti, Joel Chandler Harris, mzaliwa wa Eatonton, Georgia. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwishoni mwa 1880. Alizisikia akiwa kijana kwenye shamba alikofanya kazi, kutoka kwa watumwa. Na watumwa wale hawakuziokota Georgia. Sungura mjanja anayewashinda wakubwa kwa maneno ametapakaa Afrika: Wawolofu wa Senegali wanaye, wanamwita Leuk, Wamalawi wanaye, Kalulu, sisi tunaye. Mwaka 1870, miaka kumi kabla ya Harris, Edward Steere alichapisha London kitabu cha hadithi alizozikusanya Unguja kwa Kiswahili, na humo mna Sungura na Simba. Sisemi hadithi ya Unguja ndiyo iliyovuka kwenda Georgia. Wengi waliouzwa kule walitoka magharibi na kati ya Afrika. Nasema ni ukoo mmoja.

Na ukoo unafanana. Katika kisa cha Steere, Sungura anapanda mbuyu kula asali ambayo mwenyewe ni Simba. Siku anakamatwa, Simba anamuuliza, nikule vipi? Sungura anamfundisha: nishike mkia, nizungushe, kisha nibamize chini. Simba anazungusha, mkia unaponyoka, Sungura huyoo. Sasa kumbukeni mwisho wa Splash Mountain. Sungura kakamatwa na Mbweha, anamwomba: nifanye utakalo, ila usinitupe kwenye kichaka cha miiba. Mbweha anamtupa kichakani, na kichakani ndiko kwao. Yale maporomoko mliyokuwa mkiyapigia kelele ni Sungura anatupwa. Mlikuwa mmekaa ndani ya hila ya mtumwa na hamkuijua.

Kuna hata kichekesho cha asali. Kwa Harris, Sungura ananaswa na sanamu la lami. Sisi tunalijua hilo kwa sura nyingine: wanyama wamechimba kisima, Sungura kakataa kuchimba lakini anaiba maji usiku, Kobe anapakwa ulimbo mgongoni, Sungura ananata. Wabunifu wa Disney waliiogopa ile lami, kwa kuwa jina lake kwa Kiingereza limekuwa tusi la rangi, wakamnasa Sungura kwenye mzinga wa nyuki badala yake. Wakadhani wamekwepa. Kumbe wamemrudisha kwenye asali.

Alice Walker, ambaye naye ni mzaliwa wa Eatonton, aliwahi kueleza jinsi Harris alivyomwibia sehemu ya urithi wake: hadithi za nyumbani kwao zilipovishwa sauti ya Remus, ikawa aibu kuzipenda. Huyo ndiye aliyeliona jambo. Kosa lilikuwa kwenye shamba lililochorwa kama peponi, kwenye mzee aliyechongwa amburudishe mtoto wa bwana. Sungura alikuwa mateka pale. Na mateka akipatikana nyumbani kwa mwizi, huwa tunamchoma pamoja na nyumba?

Nilimwambia dada haya yote kwa simu, Juni 2024, siku aliyonitumia video ya mchezo mpya. Hakunivumilia.

"Kaka, wewe unaongelea hadithi. Mimi naongelea mtoto. Huku mwanangu akiingia mahali, kwanza anaangaza macho aone kama kuna mwingine kama yeye. Pale hakuangaza. Alikaa kwenye gogo lake akatazama mbele."

Sina jibu la hilo, na sitajifanya ninalo. Tiana simchukii. Alitokana kwa sehemu na mpishi wa kweli wa New Orleans, Leah Chase, mwanamke aliyestahili mlima wake mwenyewe. (Ingawa hadithi waliyompa inanishinda. Eti Tiana sasa ana kampuni ya vyakula inayomilikiwa na wafanyakazi, chama cha ushirika kabisa, na safari nzima ni kutafuta wanamuziki wa sherehe. Hakuna adui wala hila. Sisi tunaovijua vyama vya ushirika tungewaambia kwamba hila haijawahi kukosekana humo.)

Lakini dada, kile kiwanja cha Florida kina ukubwa wa kilomita za mraba 100 hivi. Mia moja! Ina maana katika ardhi yote hiyo, hadithi mbili zenye asili ya watu weusi zililazimika kugombania mfereji mmoja wa maji? Nani aliamua kwamba ili mtoto wako aketi kwa raha, babu yake atoke? Angeweza kubaki Sungura, akavuliwa shati la Georgia, akarudishiwa mbuyu wake na Kobe wake na Simba wake. Kazi hiyo ingehitaji mtu wa kumuuliza Mswahili au Mwolofu swali moja. Ilikuwa rahisi zaidi kumfuta. Kufuta hakuhitaji kusoma.

Na kabla hatujawacheka Wamarekani, tujitazame. Sisi hatukutoa sauti. Video za yule baba anayelia tulizisambaza WhatsApp tukicheka Wazungu, na hakuna aliyesema, jamani, huyo si Sungura wetu? Tungesemaje, wakati sisi wenyewe tulishambadilishia mandhari siku nyingi? Nenda darasa la nne. Sungura kaisha kuiba asali, kamdanganya mwenye nguvu, kaponea tundu la sindano, na chini ya hadithi pana swali: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Jibu linalopewa alama ni kwamba tusiwe wadanganyifu. Watu waliofungwa minyororo walimbeba Sungura kuvuka bahari kwa sababu ni mdogo, anadanganya, na hafi. Sisi tulio huru tumemfanya mfano wa tabia mbaya. Nikilaumu Disney, nalaumu na hilo.

Binti wa dada ana miaka minane sasa. Kiswahili chake kinachechemea, lakini Jumapili ananipigia. Nimempa kisa cha mwisho kile, Simba amejificha nyumbani kwa Sungura, Sungura anafika mlangoni, anaona nyayo, anasimama mbali na kuita: nyumba, hujambo? Kimya. Anasema kwa sauti, ajabu, siku zote nyumba yangu huniitikia, leo kuna nini?

Juma lililopita alitaka yeye awe Sungura. "Nyumba, hujambo?" akaita toka Florida.

"Sijambo," nikaitikia kwa sauti nene.

"Mjomba," akasema huku anacheka, "nyumba haziongei," na akakata simu, akakimbia.